Saa Ivaliwe Kwanza au Ilipiwe Kwanza? Mjadala Kutoka Kyela

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu asitoe fedha yake kununua saa ya mkononi kabla hajaivaa dukani. Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuiona ni hoja ya mchezo, kwa kuwa Kariakoo iko jirani naye. Kwa mtu wa Kyela mjini, wa Ipinda au wa Matema, kwenye ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ina uzito. Duka la hapa lina saa chache chini ya kioo. Simu ina mamia ya picha za saa, na yoyote kati ya hizo inaweza kufungwa leo Kariakoo, ikapanda basi, ikasafiri zaidi ya kilometa 900 na kushushwa stendi ya Kyela. Ila hapo ilipofika, fedha imeshatangulia.

Tumeziweka hoja katika vinywa vya watu sita wa kubuni, wa aina unayokutana nayo kila siku kwenye barabara iendayo Kasumulu. Mwenyekiti hana upande mpaka mwisho.

MWENYEKITI: Mwalimu mstaafu ndiye aliyeleta hoja. Aanze yeye.

MWALIMU: Ndaga fijo, mwenyekiti. Saa ni kitu cha kuvaliwa, na kitu cha kuvaliwa hakipimwi bila mvaaji. Picha inaonyesha saa ikiwa peke yake, au ikiwa kwenye mkono wa mtu aliyejaa kuliko mimi. Saa yenye upana wa milimeta 44 inaweza kumkaa vizuri kijana wa kubeba magunia bandarini Itungi. Kwangu mimi inapita kingo za mkono na kukwama kwenye shati. Dukani nafanya mambo manne, na dakika tano zinatosha. Naifunga. Nakunja kiganja kana kwamba nashika chaki, nione kama kile kinundu cha pembeni cha kurekebishia saa kinanichoma. Nashusha mkono, nione kama inazunguka na kuangalia chini. Halafu natoka mlangoni, juani, nione kama kioo kinang'aa mpaka mishale inapotea. Picha gani itanijibu hayo?

KIJANA WA MTANDAONI: Shikamoo, mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Nishambulie sasa.

KIJANA: Sikushambulii, nakukumbusha tu kwamba saa hutengenezwa kwa vipimo. Chukua Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989. Iwe Tokyo, iwe Kyela, ni ile ile: milimeta 35.2 kwa 38.2, unene 8.5, uzito gramu 21. Mteja wangu namtumia vipimo, namwambia akate kadibodi kwa ukubwa huo, ailaze juu ya kifundo cha mkono. Namwambia asitazame upana wa uso peke yake. Kipimo kinachoumbua watu ni kile cha kutoka ncha ya juu unaposhikia mkanda hadi ncha ya chini. Kikizidi upana wa mkono, saa itaning'inia pande zote mbili. Akishafanya hivyo, dukani ataenda kujifunza nini? Tena duka lenyewe lina aina tatu. Ukijaribu saa tatu ukachukua moja, umechagua iliyo afadhali katika zile ulizowekewa. Mimi nampa mtu wa Ipinda uwezo wa kuchagua sawa na mtu wa Mtaa wa Kongo.

MWENYEKITI: Hapo kuna jambo. Uchache wa bidhaa nao ni kizuizi. Mama?

MUUZA MCHELE: Mwanangu, umesema saa ni ile ile kila mahali. Mimi nauza mchele wa Kyela, kwa hiyo neno "ile ile" nalijua lilivyo. Nenda masokoni Dar es Salaam uhesabu magunia yaliyoandikwa Kyela, kisha ujiulize kama bonde hili lina mashamba ya kutosha kuyajaza yote. Mchele mwingine humo haujawahi hata kuliona daraja la Mto Kiwira. Mnunuzi anayejua hafuati maandishi ya gunia: anatia mkono ndani, anasugua punje, ananusa. Sisi ambao jina letu linaazimwa bila ruhusa ndio tuende tukanunue Seiko kwa kusoma neno Seiko kwenye picha?

KIJANA: Lakini mama, samahani, wewe mwenyewe unatuma mchele Dar kwa simu. Wanakulipa kabla ya kuunusa.

MUUZA MCHELE: Kweli. Ila waulize walianzaje. Walianza na gunia moja, wakapika, wakaridhika. Na siku mzigo ukiwa mbaya wanajua soko langu, wanajua meza yangu, wanajua na mchukuzi wangu. Wewe ukurasa wako unaweza kufutwa usiku mmoja, asubuhi ukaamka na jina lingine.

MWENYEKITI: Mama, turudi kwenye saa yenyewe. Simu si inaonyesha muda? Ya nini kuhangaika?

MUUZA MCHELE: Mwenyekiti, wewe huvuki mpaka. Kasumulu ikiwa saa nne asubuhi, ng'ambo ya Mto Songwe, kwa wenzetu wa Malawi, ni saa tatu. Simu ikinasa mtandao wa ng'ambo inaweza kujirudisha nyuma bila kukuuliza, nawe umesimama upande wa Tanzania unadhani basi bado halijaondoka. Saa ya mkononi haigeuki mpaka niigeuze mwenyewe. Nikienda Karonga naivuta nyuma saa moja, nikirudi naipeleka mbele. Kwa hiyo kile kinundu cha pembeni kwangu kinafanya kazi kuliko kwa mtu wa Dodoma. Dukani nakivuta na kukirudisha mara tatu. Kikicheza kama jino bovu, saa naiacha. Jambo hilo kwenye picha halionekani.

MWENYEKITI: Dada muuguzi ameomba nafasi.

MUUGUZI: Asante. Mimi nakubaliana na mwalimu kuhusu kujaribu, ila simuungi mkono kuhusu kuvaa. Nikiwa kazini sifungi saa kwenye kifundo, kwa sababu ya usafi wa mikono. Nabandika kifuani. Kwa hiyo ikaaje mkononi si swali langu. Swali langu ni mshale wa sekunde. Mtoto wa miezi 2 mpaka 12 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, huko ni kupumua kwa haraka, na nimonia inaanza kufikiriwa. Kwa mwenye mwaka 1 mpaka 5, kiwango ni 40. Nahesabu dakika nzima, jicho moja kwenye kifua cha mtoto, jingine kwenye saa. Mshale wa sekunde ukiwa mwembamba na wa rangi moja na uso wa saa, nitapotea katikati ya hesabu. Kwa hiyo naijaribu saa kwa kazi yake: naishika umbali ule ule wa wodini, na katika mwanga hafifu kama wa wodini, naona kama ninaweza kuhesabu.

MWALIMU: Basi tumeelewana, dada. Nami nilikuwa naijaribu kwa chaki.

MUUGUZI: Tumeelewana nusu, mwalimu. Kuna jambo ambalo dakika zako tano hazitaligundua. Saa nyingi za bei ya chini zina nikeli kwenye mfuniko wa nyuma au kwenye bangili. Mwenye mzio wa nikeli huanza kuwashwa siku moja au mbili baadaye, akatoka vipele duara kama mfuniko wenyewe. Na jasho la Kyela huongeza kasi, maana ndilo linaloitoa nikeli kwenye chuma na kuipeleka kwenye ngozi. Jambo jingine: mkono hunenepa kwenye joto. Ukijaribu bangili asubuhi yenye ubaridi na kupunguza pingili mpaka ikakaa sawasawa, saa nane mchana itakubana. Nenda kajaribu mchana, na uache nafasi ya kupitisha kidole kidogo.

MWENYEKITI: Mwenye duka amekaa kimya muda mrefu. Ndiye anayesifiwa hapa.

MWENYE DUKA: Nasifiwa, lakini siuzi. Mteja anaingia, anavaa saa tano, anapiga picha mkono wake kwa simu, ananiambia "narudi". Harudi. Ameshajua ukubwa unaomfaa, jioni anamwagiza huyu kijana, maana kijana bei yake iko chini. Kodi ya fremu nalipa mimi. Leseni yangu. Umeme wangu. Mashine ya risiti yangu. Duka langu limegeuka chumba cha kujaribia cha Kariakoo. Ndiyo maana baadhi yetu tumebandika karatasi kwenye kioo: usishike kama hununui.

KIJANA: Kaka, bei yangu iko chini kwa sababu sina fremu. Huo si wizi.

MWENYE DUKA: Sikusema wizi. Nasema mzigo wa kumfundisha mteja naubeba mimi, faida unaichukua wewe. Siku nikifunga, wateja wako watajaribia wapi?

MWALIMU: Hapo una haki, lakini karatasi yako inakuumiza mwenyewe. Ukinikataza kushika, nami unanigeuza mtu wa picha. Tofauti yako na simu ilikuwa moja tu, nayo umeifungia chini ya kioo.

MWENYE DUKA: Nifanyeje sasa? Wengine wanazishika kwa mikono yenye mafuta ya samaki.

MUUZA MCHELE: Weka taulo. Halafu mwambie mteja wazi: umeona bei gani huko? Tupatane. Ukishindwa kufikia, muuzie mkanda, mpunguzie pingili, mbadilishie betri. Na sisi wateja tuwe na haya kidogo. Ukivaa saa ya mtu nusu saa nzima, angalau mpe nafasi ya kushusha bei kabla hujaondoka.

MWENYEKITI: Fundi saa, wewe unakaa nje ya duka, chini ya mwavuli, na saa za wote hawa zinaishia kwako. Nani mkweli?

FUNDI: Wote wana ukweli, mwenyekiti, ila wote wanazungumzia upande wa nje. Mimi nafungua mfuniko. Nianze na Casio ya kijana. Ni kweli ni saa ile ile, iwapo ni yenyewe. Shika kitufe cha kulia, kibonyeze bila kuachia kwa sekunde tatu. Ya halali inaandika jina la kampuni kwenye kioo. Sisemi jaribio hilo linamaliza kesi, kwa sababu waghushi nao wanajifunza, lakini isiyoandika imeshajihukumu. Jaribio hilo linataka saa iwe mkononi.

KIJANA: Naweza kumtumia mteja video nikibonyeza.

FUNDI: Video ya saa ipi, mwanangu? Ile utakayoituma, au ile unayobaki nayo kwa kupigia video?

MWENYEKITI: Endelea, fundi.

FUNDI: La pili ni maji, na hapa hata duka haliwezi kukusaidia kwa kuvaa. Wavuvi wa usipa wananiletea saa zilizoandikwa meta 30 zikiwa na ukungu ndani ya kioo. Wanashangaa: mbona mimi sizami meta 30? Maandishi hayo yanahusu shinikizo la maabara, saa ikiwa mpya na imetulia. Kwa matumizi ya kawaida, 30 ni matone ya mvua na kunawa mikono. Wa kuingia ziwani na kuvuta nyavu atafute 100 na kuendelea. Hata hiyo 100 inategemea ringi ya mpira iliyo chini ya mfuniko. Ringi ikizeeka, au fundi asiye makini akiirudisha imejikunja, namba inabaki kuwa pambo. Ukungu wenyewe unaweza kujificha. Saa iliyokwisha kunyonya unyevu huku bondeni inaonekana safi kabisa, mpaka uipeleke kwenye baridi ya Tukuyu, ndipo kioo kinatoka jasho kwa ndani.

MWENYEKITI: Na kushika muda?

FUNDI: Hilo nalo halijaribiwi mlangoni. Saa ya betri ina kijiwe cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ikiwa nzima, kwa kawaida haikosei zaidi ya sekunde 15 kwa mwezi. Saa ya kwanza ya namna hiyo kuingia sokoni ilikuwa Seiko Astron, Desemba 1969, na bei yake ilikuwa yen 450,000, kiasi cha kununua gari dogo Japani wakati ule. Leo teknolojia hiyo iko kwenye saa ya bei ya kilo chache za mchele. Kwa hiyo kwatzi mbovu utaijua baada ya wiki. Saa ya kujiendesha kwa mzunguko wa mkono nayo inaweza kupoteza au kuongeza sekunde kadhaa kila siku bila kuwa mbovu. Mtu akiivaa dakika tano akasema inatembea vizuri, anachosema ni kwamba inatembea tu.

MWALIMU: Kwa hiyo unaipinga hoja yangu?

FUNDI: Naipa mipaka, mwalimu. Kuvaa kunakuambia ukubwa, uzito, mkanda, kinundu na usomaji. Mng'aro wa gizani nao unaweza kuujua: uelekeze uso wa saa kwenye mwanga dakika moja, kisha ufunike kwa kiganja na uchungulie. Mvuvi wa usiku asiondoke dukani bila kufanya hivyo. Lakini maji, mzio, betri iliyokaa ghalani na kushika muda, hayo hujibiwa na siku zinazofuata. Na siku hizo zinamhitaji muuzaji ambaye bado yupo.

MWENYEKITI: Hapo sheria inaingia, na niiweke kwa ufupi. Sheria yetu ya mauziano ya bidhaa, Sura ya 214, ilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Inasema mnunuzi aliyeletewa bidhaa ambayo hakuikagua kabla hahesabiwi kuwa ameipokea mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Hilo linamfaa mtu wa Ipinda anayefungulia kifurushi stendi. Lakini sheria hiyo hiyo ina upande wa pili: kama uliikagua kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia ubora kwa kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona. Mwalimu, ukivaa saa yenye kioo kilichokwaruzwa ukailipia, mkwaruzo huo ni wako. Anayejaribu dukani anapata jicho, na anabeba wajibu wa kulitumia.

MWENYE DUKA: Na bandia je?

MWENYEKITI: Bandia ni jambo lingine kabisa. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayofuatilia bidhaa bandia. Lakini mlalamikaji asiye na risiti atalalamikia nini? Neno la TRA mnalijua wote: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti.

KIJANA: Mwenyekiti, niseme la mwisho. Mnataka mteja avae kabla ya kulipa. Nikituma saa Kyela, mteja akaivaa akaikataa, nimelipa nauli ya mzigo kwenda na kurudi. Akifanya hivyo mara nne, faida ya saa kumi imekwisha. Ndiyo maana tunasema lipa kwanza, wala si kwa sababu sote ni matapeli.

MUUZA MCHELE: Basi mteja atangulize nauli ya mzigo tu. Bei ya saa ailipe akishaivaa.

KIJANA: Ataivaa wapi? Konda wa basi hasubiri mtu ajitazame mkono.

MWENYE DUKA: Aivalie dukani kwangu.

KIJANA: Kwako?

MWENYE DUKA: Kwangu. Kifurushi kinashuka, nakipokea, mteja anakuja kuvaa kwenye kioo changu. Akiipenda analipa, mimi nachukua kamisheni yangu na ya kupunguza pingili juu. Akiikataa, naiweka kwenye kabati langu kwa mali kauli, nikiiuza nakutumia fedha. Wewe unapata aina nyingi, mimi napata kitu cha kuuza, yeye anapata pa kulalamikia.

FUNDI: Nami nafungua mfuniko mbele yake, akitaka.

MWENYEKITI: Nifunge. Mwalimu ameshinda katika jambo la mwili: saa ipimwe na anayeivaa, kwa kazi atakayoifanya nayo, na picha haiwezi kuchukua nafasi hiyo. Kijana ameshinda katika jambo la uhuru: haki ya kujaribu saa tatu ni haki ndogo, na watu wa ukingo wa ziwa wasifungiwe humo kwa kisingizio cha kulindwa. Fundi na muuguzi wametuonyesha kwamba kuvaa hujibu nusu ya maswali, na kwamba nusu iliyobaki iko kwa muuzaji anayepatikana kesho. Hiyo ndiyo sababu muuza mchele anaaminiwa Dar bila kuonekana, na ndiyo sababu duka lenye mlango, hata likiwa na aina tatu, lina thamani ambayo bei ya chini haiifuti. Kwa hiyo hoja inapita kwa marekebisho: saa ivaliwe kabla ya bei yake kulipwa, iwe imetoka kabatini au imeshuka kwenye basi, na muuzaji ajifunge kwa maandishi kuipokea ikirudi ndani ya siku saba endapo itaingia ukungu, itasimama au itakosa muda.

Msomaji unayetaka kununua saa wiki hii, nenda mchana, ivae, ivute kinundu, itoe juani, ifunike kwa kiganja. Ikikufaa, patana bei na huyo aliyekuruhusu kuishika. Kisha dai risiti iliyoandikwa aina ya saa na siku za kurudisha. Muuzaji akikataa kuandika, rudisha fedha mfukoni.